Mboga Zilizolala Kwenye Neti

Mwalimu wetu wa Kiswahili ana neno moja tu kwangu: "Sauti!" Nikisimama kusoma, hata sijafika kituo cha kwanza, anaweka kiganja nyuma ya sikio kama mzee aliyekaa mbali na redio. Darasa linacheka. Wasichana wa bweni letu wananiita Vaibresheni, eti mimi ni simu iliyozimwa mlio. Sijawahi kuwaeleza. Kueleza kunataka sauti. Ndiyo maana naandika, kwa sababu karatasi haiweki mkono kwa sikio.

Wiki jana tulifunga kwa likizo fupi. Nilishuka barabarani nikaingia ile njia yetu ya Yamumbi, matope mekundu mpaka kwa soksi, na kabla sijafika getini harufu ikanikuta. Saga inayokauka, ile mboga yetu chungu ya kienyeji. Kama hujawahi kuinusa siwezi kukueleza vizuri. Si harufu nzuri. Ni kali, ya majani na ya kitu kama ngozi ya mbuzi aliyenyeshewa, na ndani yake kuna uchungu unaousikia kooni wakati mdomo bado hauna habari. Nikajipata nimezuia pumzi. Miguu yangu ilikuwa imeanza kutembea kwa vidole, kama mtu anayepita mlango wa chumba alicholala mtoto. Niko kidato cha tatu, na bado mwili wangu unafanya hivyo wenyewe, bila kuniuliza.

Mama alikuwa na sauti. Hilo ndilo la kwanza watu humkumbuka nalo. Akisimama getini akiita, nilimsikia nikiwa plot ya tatu, katikati ya mchezo. Baba alifanya kazi kwa kinu cha posho pale karibu na duka, na ile mashine unajua inavyonguruma, lakini Mama akiita Baba alitoa kichwa nje. Wenzake walimcheka. "Posho, zima mashine," walimwambia, "bibi amewasha yake." Jina lake lilikuwa hilo, Posho, kwa sababu ya unga. Unga ulikaa kwa nyusi, kwa masikio, kwa mikunjo ya shingo. Mimi nilijua baba za watu wengine ni weusi na wangu ni mweupe, na sikuona ajabu.

Nyuma ya bafu, pale maji ya kuoga yalipotokea, Mama alikuwa na shamba la saga. Nasema shamba, lakini lilikuwa kama vitanda viwili hivi. Alichuma majani jioni, akayachemsha, akamwaga yale maji machungu ya kijani, akatia maziwa na malai, akaacha kwa sufuria mpaka kesho. Kesho akapasha, akaongeza maziwa. Kesho kutwa ndiyo ilikuwa tamu. Kogo, mama yake Baba, akija kutoka Sugoi alikula bila kuongea, na kwa Kogo kutoongea ni sifa kubwa.

Mwaka ule mvua ilishika mapema na saga ikakua kama imetukanwa. Halafu Mama akaanza kushika tumbo. Alishika tumbo akiosha vyombo, akashika akinisuka, na siku moja gari la jirani likampeleka hospitali kubwa ya mjini, akabaki huko.

Watoto hawakuruhusiwa wodini. Jumapili nilikaa kwa nyasi chini ya dirisha nikiwa na Mama Nekesa, jirani yetu, na Mama akatokeza kichwa huko juu akaita: "Wewe! Umekula? Na nani amekusuka hizo nywele kama kiota?" Wageni wote wakageuka. Niliona aibu nikaficha uso ndani ya sweta.

Siku zingine alipiga simu. Baba aliweka simu mezani, sauti ya wazi, tukaketi tukiiangalia kama mgeni.

"Saga imefika wapi?" Mama aliuliza, hata kabla ya salamu.

"Imefika kwa magoti."

"Na maua?"

Baba akatoka nyuma, akarudi. "Iko na maua kidogo. Nyeupe."

"Uui! Ikishatoa maua imeisha hiyo. Vuna. Vuna yote ukaushe. Mimi nikitoka huku itakuwa kiangazi, nitakula nini? Kabeji?"

"Nitaambia Mama Nekesa."

"Mama Nekesa atakausha vile anakausha kunde zake, juu ya mabati, kuku wakitembea. Nimeambia wewe."

Baba alikuna sikio, unga ukaanguka mezani.

"Kama unaogopa watu, fanyia ndani," Mama akasema. "Lakini ukaushe. Nikuje nipate."

Wewe unayesoma labda baba yako hukaanga mayai na huoni kitu. Kwetu ilikuwa vingine. Baba alizaliwa Sugoi kwa boma ambalo mwanaume akishatoka tohara haketi tena jikoni. Anasimama mlangoni, anaomba, anapewa, anaenda. Kogo alikuwa na msemo kwa wanaume wanaofunua sufuria, siwezi kuuandika hapa. Na pale plot watu walikuwa wameshaanza kuangalia mlango wetu, kuona Posho atakula nini na bibi hayuko. Mzee Kirwa, mwenye plot, alimwambia mbele ya watu, "Leta hata binti ya dada yako akupikie, usije ukavaa leso." Wakacheka. Baba naye alicheka, na jioni hiyo akafunga pazia.

Ndivyo tulivyoanza kukausha saga mlango ukiwa umefungwa.

Sufuria ya kwanza ilikuwa balaa. Alichemsha majani mpaka yakawa uji. Alimpelekea ng'ombe wa Mzee Kirwa, ng'ombe akanusa, akamwangalia Baba, akageuka. Baba akampigia Mama simu, na Mama alicheka mpaka akakohoa, na ikabidi tungoje amalize kukohoa.

"Chemsha maji kwanza," akasema. "Yakitokota ndiyo unatumbukiza. Imba ubeti mmoja wa wimbo, mmoja tu, halafu toa. Kamua. Anika."

"Niimbe?"

"Mimi huimba. Hujawahi kunisikia?"

Kila mtu pale plot alikuwa amemsikia. Kumbe zile nyimbo za kanisa jikoni zilikuwa saa yake. Lakini Baba hakuweza kuimba, kwa sababu ukuta ulikuwa wa mbao na Mama Nekesa alikuwa upande wa pili. Basi aliimba kwa midomo tu. Nilimwona amesimama juu ya sufuria, mvuke usoni, unga kwa nyusi ukigeuka kuwa kama uji, midomo inaenda na hakuna kinachotoka. Nikaimba naye hivyo hivyo. Tulifika mwisho wa ubeti pamoja, tukatoa mboga.

Mahali pa kuanika ndipo palipokuwa shida. Baba alitoa neti ya mbu ya kitanda chao, akaifua, akaifunga kwa mbao chini ya mabati, juu kabisa, pale joto la mchana hukaa. Akamwaga majani ndani akayatandaza. Neti ikaning'inia juu ya kitanda, imejaa, imelegea katikati kama tumbo. Nililala upande wa Mama nikiiangalia. Nilijua neti ni ya nini. Kila mtoto anajua. Neti ni ya kulala.

Kisha mtu akabisha. "Posho! Uko ndani?" Alikuwa Mzee Kirwa.

Baba akaruka. Akaweka kidole mdomoni, akaniinamia mpaka nikasikia unga kwa pumzi yake, akaninong'oneza, "Shh. Mboga imelala."

Alitaka tu ninyamaze. Sasa naelewa. Lakini mimi nilikuwa darasa la pili, na hiyo ikawa sheria ya dunia. Mboga hukauka zikiwa zimelala. Ukipiga kelele zinaamka, zikiamka zinaoza, zikioza Mama akija kiangazi hapati kitu, na kama hapati kitu atakuja kufanya nini? Niliweka mambo yote hayo kwa mstari mmoja, na hakuna mtu aliyeniuliza ili anirekebishe.

Tangu siku hiyo sikuongea ndani ya nyumba ila kwa kunong'ona. Nilifunga mlango nikiuinua kidogo usilie. Nilivua viatu nje. Nikikohoa nilikohoa ndani ya blanketi. Baba aliona mtoto mtulivu, akashukuru Mungu, akaambia watu, "Huyu hanisumbui hata kidogo." Tukachuma, tukachemsha, tukaimba bila sauti, na saga iliyokauka tukaitia kwa ndoo ya mafuta ya kupikia yenye kifuniko, tukaweka nyingine kwenye neti. Shule nayo ilinijua kwa pua. "Unanuka saga!" kijana mmoja aliita kwenye foleni, na wengine wakaziba pua. Sikumjibu. Nilikuwa na siri kubwa kuliko yeye.

Halafu Mama akaanza kunong'ona pia.

Hili ndilo ninalolirudia sana kichwani, hasa nikilala. Simu ilipolia Baba aliiweka mezani, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, kama imepitia kwa kitambaa. "Imekauka?" Baba akasema ndiyo, iko karibu kujaa ndoo. "Vizuri," akanong'ona. Baba aliinua simu akaibana kwa sikio akaenda kusimama kwa kona, mgongo kwangu. Mimi nilifurahi. Nilifurahi sana, mpaka nikajikumbatia. Nilijua Mama amejua. Amejua mboga zimelala, naye anasaidia kutoka huko.

Jumapili iliyofuata hakutokea dirishani. Nikaelewa hivyo hivyo: angetokea angeita, na angeita zingeamka.

Siku ile ilikuwa ya shule. Nilirudi na ufunguo wangu uliofungwa kwa uzi shingoni, nikavua viatu, nikaingia. Juu, kwenye neti, ulikuwa mzigo wa mwisho, ule wa majani madogo tuliyochuma Baba aliposema shamba limeisha. Nikaketi chini nikila ugali baridi. Nikasikia magari, kisha miguu mingi, kisha mlango ukafunguka bila mtu kubisha.

Mama Nekesa aliingia wa kwanza. Mikono ilikuwa kichwani. Alikuwa analia vile watu wa kwao wanalia, kwa kifua chote, kwa jina: "Uuuwi, Mama wa watu! Rafiki yangu umeniacha na nani!" Nyuma yake wamama wa kanisa, na nyuma yao Kogo, ameshikwa mikono pande zote mbili. Nyumba ikajaa. Sauti zikapanda mpaka mabati yakatetemeka.

Na mimi sikusikia maneno. Naapa. Nilisikia kelele tu. Nilisimama katikati yao nikaweka kidole mdomoni, nikasema kwa nguvu zote ninazoweza kunong'ona nazo, "Shhh! Mtaamsha mboga! Mama atapata nini?"

Hawakunisikia mara ya kwanza. Nikamvuta Mama Nekesa leso. "Mboga imelala," nikamwambia. "Tafadhali. Huko juu."

Akatazama juu. Mmoja mmoja wote wakatazama juu, na kilio kikapungua kama mvua inayohama. Neti ilikuwa pale juu ya kitanda, imejaa majani, kwa ile nyumba ya mwanaume asiyekuwa na mpishi.

Kogo akajitoa mikononi mwa wale waliomshika. Alikuwa mrefu bado siku hizo. Alinyoosha mkono, akaingiza vidole kwenye neti, akatoa jani moja. Akalisugua. Lilivunjika kama karatasi. Akanusa, akaweka mdomoni, akatafuna.

"Nani amekausha hii?" akauliza.

Baba alikuwa amefika mlangoni. Alikuwa ametoka hospitali, lakini unga ulikuwa bado kwa nywele, kwa sababu simu ilimkuta kinuni akaenda vile alivyokuwa. Machozi yalikuwa yamechora njia mbili nyeusi kwa uso wake mweupe. Alimwangalia mama yake. Hakujificha, hakuinamisha kichwa.

"Ni mimi," akasema.

Kogo akatafuna mpaka akameza.

"Imekauka vizuri," akasema.

Hilo tu. Kisha akaketi chini, sakafuni, chini ya neti, akafunika uso kwa leso, na mabega yake yakaanza kwenda juu na chini bila sauti yoyote. Mama Nekesa akaketi kando yake, naye akaweka leso mdomoni akauma. Na wale wengine. Chumba kizima cha wamama, wanaojua kulia vizuri, walilia siku hiyo kwa kunong'ona kwa sababu mtoto amewaomba. Mmoja alinipakata. Nikahisi kifua chake kinapiga na hakuna kinachotoka, kama Baba juu ya sufuria. Walinifanyia wema. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba mboga hazina masikio, na mimi nikajua sasa kwa hakika, kwa kuwa hata wakubwa wanafuata.

Hata kule Sugoi, kaburini, sikutoa sauti. Watu wakasema mtoto amekuwa jasiri. Mimi nilikuwa nafikiria ndoo. Kwamba bado imefungwa, bado iko salama, na kiangazi hakijafika.

Kiangazi kikafika. Nyasi zikakauka zikawa rangi ya mkate, vumbi likaingia kwa chai, na sokoni mboga zikawa kidogo na zimenyauka. Jioni moja Baba alishusha ndoo kutoka juu ya kabati. Alimwaga majani kwa bakuli, yale mabaki meusi, yaliyojikunja, akayamwagia maji ya moto. Nikainama kuangalia.

Yakafunguka. Polepole, moja baada ya jingine, yalijinyoosha, yakageuka kijani, yakawa na mishipa yao na ncha zao kama siku tuliyoyachuma. Yalikuwa yameamka.

Sikungoja. Nilitoka bila viatu nikakimbia mpaka getini. Nikaketi juu ya jiwe nikiangalia njia ile inayotoka barabarani, kwa sababu ni kiangazi na mboga zimeamka na ziko tayari. Watu wakapita. Ng'ombe wakapita. Harufu ya saga na maziwa ikanifikia kutoka ndani, tamu, ile ile yake.

Baba alikuja akiwa na sahani mbili. Hakuniuliza ninangoja nini. Aliketi kwa mawe kando yangu, mwanaume mzima, nje, mbele ya watu, na mboga aliyoipika mwenyewe kwa magoti, akanipa sahani yangu. Mzee Kirwa alipita akatuona, akavua kofia, akaenda zake. Tulikula tukiangalia njia. Ilikuwa chungu kidogo kuliko ya Mama, na Baba akasema, "Sikumwaga maji vizuri."

"Iko sawa," nikanong'ona.

Tuliketi mpaka njia ikawa haionekani. Akanibeba ndani. Ni siku hiyo nilipojua, na nilijua nikiwa nimefunga macho kwa bega lake, na unga wake puani.

Sasa nirudi wiki jana, getini, mimi na sanduku langu na vidole vyangu vya miguu.

Nilichungulia. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi kabisa, pazia limefungwa fundo. Uani, Baba alikuwa ametandaza saga juu ya mabati mawili ya zamani, kwenye jua, mbele ya kila mtu. Na alikuwa anaimba jikoni. Baba yangu hajui kuimba, Mungu amsamehe, anaimba kama mashine yake, lakini aliimba ubeti mzima. Mwenye pikipiki mmoja aliyekuwa akipita akamwitia, "Posho! Umeolewa?" Baba akajibu kutoka ndani, "Nimejioa mwenyewe!" na wote wawili wakacheka.

Nikaweka sanduku chini. Nikaketi kwa lile jiwe kupumua kidogo. Ndipo kuku wa Mama Nekesa, yule mwekundu asiye na adabu, akaruka juu ya mabati akaanza kukwaruza saga kwa miguu yote miwili.

Sijui ilitoka wapi. Sikuipanga. Nilifungua mdomo na sauti ikatoka, kubwa, kutoka tumboni, ikavuka uani ikagonga ukuta wa jirani ikarudi: "Wewe! Toka hapo!"

Kuku akaruka. Mbwa wa plot ya pili akabweka. Sufuria ikaanguka jikoni, na Baba akatoka mbio, mwiko mkononi, maji yakidondoka, uso ambao sijawahi kuuona kwake tangu nizaliwe. Hakuangalia kuku. Mimi pia hakuniona, nikiwa nimeketi chini pale kando. Aliangalia getini, pale juu, kwa urefu wa mtu mzima, pale Mama alipokuwa akisimama akituita.

Kisha macho yake yakashuka, yakanipata juu ya jiwe.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi," nikasema.

Niliinuka. Tukasimama, yeye mlangoni, mimi getini, na katikati yetu saga juu ya mabati, imetawanywa na kuku. Nilienda nikapiga magoti nikaanza kuitandaza tena, jani moja moja, na mikono yangu ilikuwa makini sana, ya mtoto. Niliyaangalia majani kwa karibu. Kelele yote ile.

Hayakuamka.